Sura ya Saba: Sasisho Lililokataa Kuondoka

Inspekta alitaka kuliona likitolewa kwa macho yake mwenyewe. Ndiyo maana saa tatu asubuhi fundi wa kompyuta aliletwa kwenye chumba cha eksirei cha hospitali akiwa na pingu, akapitishwa mbele ya wagonjwa kumi na wawili waliobanana kwenye benchi la korido. Mmoja wao, dereva aliyevunjika mkono, alimwangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Mlango ulipofikiwa, Inspekta alimgeukia koplo wake. "Mfungue."

"Afande, huyu ni mtuhumiwa."

"Najua. Au unataka niandike kwenye taarifa kwamba alibofya kwa pua?"

Koplo akatoa ufunguo. Fundi alisugua viganja, akaketi mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu juzi alipowekwa mahabusu akaonekana kama mtu anayejua la kufanya na mikono yake.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, mfumo wa kompyuta za hospitali ulitolewa sasisho jipya. Kompyuta zote zililipokea bila neno, isipokuwa hii ya eksirei. Programu yake ya picha ilikuwa kongwe, na sasisho lilipoingia tu, kila picha ya mfupa ikatoka nyeusi tii. Fundi akaliondoa, picha zikarudi. Kesho yake asubuhi sasisho lilikuwa limerudi. Akaliondoa, likarudi. Kwa jumla liliingia mara sita. Kila liliporudi nusu siku ilipotea, watu wakarudishwa nyumbani na maumivu yao, na bibi mmoja aliyevunjika nyonga akalala kwenye machela kutwa nzima akisubiri picha. Hapo ndipo Katibu wa hospitali alipoita polisi na kumnyooshea fundi kidole. Kesho saa tatu jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na shtaka lingekuwa hujuma. Fundi angepoteza kazi, na huenda miaka kadhaa ya maisha yake pia.

Katibu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kalamu tatu mfukoni, akitazama saa yake kila baada ya muda mfupi. Alikuwa mtu wa haraka isiyokwisha.

"Haijiwekei yenyewe hiyo apdeti," alisema. "Yeye mwenyewe aliniambia. Kompyuta hii imefungwa, lazima mtu abofye kukubali. Sasa humu ndani nani mwingine anajua mambo hayo? Anaiweka jioni, anaitoa asubuhi, aonekane wa maana. Na alinitisha mbele ya watu! Alisema, mtanikumbuka."

"Ulisema hivyo?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Afande, kuna mahali pa kuizuia isije kabisa. Lakini paswedi yake anayo Katibu peke yake. Nilimwandikia barua siku ile ya kwanza, nikaomba aizuie. Siku ya nne nikamfuata, yuko kwenye kikao. Siku ya tano, kikao. Ndiyo nikasema pale mlangoni, mtanikumbuka. Maana yangu mtakumbuka kwamba niliwaambia."

"Barua gani?" Katibu akang'aka. "Sijaona barua yoyote mimi."

Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake: barua. Kisha akavuta kiti. "Haya. Itoe."

Basi wakaanza. Fundi alifungua orodha ya masasisho, akalichagua lile lenye tarehe mpya, akabofya kuondoa. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaonyesha duara la vitone vinavyozunguka na maneno meupe: Inaondoa sasisho. Usizime kompyuta. Asilimia tano. Asilimia kumi na mbili. Ilipofika thelathini ikasimama, ikakaa hapo robo saa nzima, vitone vikizunguka bila aibu.

"Imekufa?" Inspekta akauliza.

"Inafikiri."

"Inafikiri nini robo saa?"

Mpiga picha, dada mwenye koti jeupe ambaye kila mtu hospitalini alimwita Dada wa Eksirei, alicheka kwa uchovu. "Jumatatu ilifikiri saa nzima na dakika kumi, Afande."

Koplo alikuwa amesogea ukutani, anaukodolea macho waya. "Kwani haiwezi kuchomolewa tu ikaisha?"

"Usiguse!" fundi na Dada wakapiga kelele kwa pamoja. Koplo akarudisha mikono nyuma kama aliyetaka kushika pasi ya moto.

Asilimia thelathini ikawa sitini, sitini ikawa tisini na nane. Inspekta, ambaye alikuwa amewahi kusubiri siku tatu ndani ya gari kumkamata mwizi wa ng'ombe bila kulalamika, alijikuta ameinuka kitini. Maneno mapya yakatokea: Imeshindikana kuondoa sasisho. Inarudisha mabadiliko.

"Inarudisha nini?" akafoka.

"Kila kitu," fundi alisema. "Tunaanza upya."

Alisema bila hasira, na Inspekta akaliona hilo. Mtu anayecheza mchezo wa kuharibu na kutengeneza hujua mlango wa haraka. Huyu alianza mwanzo kabisa, akawasha kompyuta kwa hali ya dharura, ile inayoamsha mfumo ukiwa nusu uchi, akaandika amri ndefu herufi kwa herufi, akakosea moja, akafuta. Jasho jembamba lilimtoka kipajini. Ilipofika saa tano kasorobo duara likatoweka. Dada wa Eksirei akampiga picha yule dereva wa kwanza kwenye benchi, na mfupa wa mkono ukatokea kwenye skrini, mweupe, umevunjika sehemu mbili, unaonekana vizuri kabisa.

"Alhamdulillahi," dereva alisema kutoka kitandani. Inspekta hakuwahi kuona mtu akifurahia hivyo kuona alivyovunjika.

Pingu zikarudi mikononi mwa fundi.

"Nikiwa ndani na ikarudi tena," alisema, "si itajulikana si mimi?"

"Haitajulikana chochote!" Katibu akadakia. "Huyu keshatega humo ndani. Anaweza kuwa ameiambia ijirudishe saa fulani."

Inspekta aliitikia kwa kichwa polepole, maana Katibu, pamoja na kelele zake, alikuwa amesema kweli. Sasisho kurudi tu kusingemtoa mtu mahabusu. Ilibidi aonekane anayelirudisha, na leo ndiyo ilikuwa siku pekee iliyobaki.

Koplo alipomrudisha fundi kituoni, Inspekta alimwomba Dada amfungulie historia ya masasisho kwenye kompyuta, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mistari sita ilikuwepo, na kila mmoja ulikuwa na saa yake. Akainakili yote. Dakika kumi na mbili baada ya saa kumi na moja jioni. Dakika tisa. Kumi na nne. Kumi na moja. Kumi na mbili tena. Kumi. Siku sita, na hakuna hata moja iliyotoka nje ya dakika hizo chache.

"Dada yangu, kompyuta hii nani huizima jioni?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Afande. Namaliza mgonjwa wa mwisho, nazima, naondoka. Saa kumi na moja hivi."

Alijibu upesi, akashughulika kupanga aproni nzito ya kukingia miale ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Inspekta alimshukuru, akaenda zake getini.

Mlinzi wa getini alikuwa na daftari la kutoka na kuingia, limepigiwa mistari kwa rula. Kila mfanyakazi alitia sahihi na saa. Inspekta alianza na fundi: saa kumi, saa kumi, saa kumi na robo, siku zote sita alikuwa ameshatoka. Hilo halikumsaidia sana, kwa kuwa fundi alikiri tangu mwanzo kwamba anaweza kuifikia kompyuta hiyo kwa mtandao akiwa nyumbani. Kisha akatafuta sahihi ya Dada. Saa kumi na nusu. Saa kumi na nusu. Siku sita, saa kumi na nusu bila kukosa.

Aliporudi, Dada alikuwa anakunywa maji. Inspekta aliweka daftari la getini juu ya meza, akaliacha wazi. Dada alilitazama. Chupa ikashuka.

"Afande, mimi sijaweka kitu humo. Naapa."

"Sijasema umeweka. Nimeuliza nani anazima."

"Mama yangu anapigwa sindano saa kumi na moja. Ya sukari. Hawezi kujipiga mwenyewe, macho yamekwisha. Nikisema naondoka mapema Katibu atanimaliza. Kwa hiyo nikimaliza mgonjwa wa mwisho naiacha wazi, Mzee wa Funguo ananizimia anapopita kufunga. Anazima na nyingine zote za chini."

"Tangu lini?"

"Tangu ule moto wa stoo, mwaka juzi. Ilisemekana mashine iliachwa wazi. Sheria ikatoka kwamba hakuna mlango utakaofungwa bila mashine kuzimwa. Inatakiwa kila mtu azime yake, lakini ukweli ni kwamba wote tunamwachia Mzee."

"Na hukuona vyema kuniambia?"

"Niliogopa kazi yangu." Macho yalimjaa machozi. "Sikufikiri kama inahusu. Mzee hajui kompyuta, Afande. Mzee wa watu."

Inspekta alimpa kitambaa. Alikuwa amekasirika, maana mtu alikuwa amelala mahabusu usiku mbili kwa ajili ya jambo la dakika mbili kulisema, lakini hasira hiyo aliiweka kiporo.

Katibu alipoulizwa kuhusu Mzee wa Funguo alicheka mpaka kalamu zikatikisika mfukoni. "Yule? Yule hata simu anaishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji! Afande, unapoteza muda."

"Muda ninao mpaka kesho saa tatu. Naomba nione trei yako ya barua."

"Ya nini?"

"Naomba tu."

Trei ilikuwa na ghorofa tatu na zote zilijaa. Katika ile ya chini kabisa, chini ya mialiko ya vikao, Inspekta alichomoa bahasha yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe ya siku ile ya kwanza. Haikuwa imefunguliwa. Akaipasua mbele ya Katibu, akaisoma kwa sauti. Fundi aliomba sasisho lizuiwe kwa kompyuta ya eksirei, akaeleza sababu kwa mistari minne, akashukuru. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi zilizosimama wima, na kila k ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana. Katibu alishika kiti, akakikalia, na safari hii hakutazama saa.

"Nilikuwa kwenye vikao," alisema.

"Ndivyo alivyosema na yeye."

Barua ilionyesha fundi hakusema uongo, basi. Haikuonyesha nani alibofya. Saa kumi na nusu Dada wa Eksirei alitia sahihi getini kama kawaida, kwa amri ya Inspekta mwenyewe, akaiacha kompyuta wazi. Wagonjwa walikuwa wamekwisha. Inspekta aliingia chumbani, akakaa kwenye kiti kilichofichwa na pazia la kuvalia, akarudishia mlango ambao mchana kutwa ulikuwa umesukumwa mpaka ukutani.

Hapo ndipo alipoiona. Nyuma ya mlango palikuwa na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, imegandishwa kwa utepe kwenye kona nne. Ilikuwa mahali ambapo mtu haioni mpaka mlango ufungwe. Akainuka kuisoma.

Namna ya kuzima. Moja: bofya kitufe chenye alama ya duara na kijiti. Mbili: chagua neno la kwanza, la juu kabisa. Tatu: skrini ikianza kuandika, funga mlango uende. Usisubiri.

Kila k ilikuwa na mkia wa ndoana.

Inspekta alikufa moyo. Alikuwa ameanza kumpenda yule fundi, aliyekubali kuanza upya bila kutukana, na sasa mkono wake ulikuwa hapa mlangoni ukimwelekeza mtu mwingine cha kubofya. Katibu angeipata karatasi hii angeibeba mwenyewe mpaka kwa mwendesha mashtaka, mbio mbio. Inspekta aliisoma tena, taratibu, kama alivyosoma kila kitu kazini kwake, mpaka chini kabisa ya ukurasa, mpaka kwenye maandishi madogo yaliyokuwa nusu chini ya utepe. Akaubandua utepe kwa ukucha. Ilikuwa tarehe. Mwezi wa pili, mwaka juzi, wiki moja baada ya moto wa stoo.

Sasisho lilikuwa na umri wa wiki mbili.

Alishusha pumzi ndefu iliyotikisa pazia. Korido ikaanza kulia funguo, na yeye akarudi kwenye kiti chake.

Mzee wa Funguo aliingia bila haraka. Alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alizima feni. Akachungulia dirisha kama limekazwa. Akaufunga mlango, akaisoma karatasi mstari kwa mstari akifuata kwa kidole, ingawa alikuwa ameisoma jioni zote za miaka miwili, kisha akaenda kwenye kompyuta. Akashika kipanya kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Akabofya duara na kijiti. Akabofya tena, juu kabisa. Akageuka kuondoka.

"Shikamoo, mzee wangu," Inspekta alisema kutoka nyuma ya pazia.

Funguo zilianguka zote. "Marahaba! Ah, mwanangu, utaniua!"

"Samahani sana. Hebu niambie, umechagua nini hapo?"

"La kwanza juu. Kama karatasi inavyosema."

"Linasomekaje?"

"Zamani lilikuwa Zima. Siku hizi wamelirefusha, linasema Sasisha kisha zima. Ile Zima fupi imeshuka chini yake. Nikaona mwisho wake ni zima vilevile, nikasema wameliboresha."

"Na ile fupi ya chini, hukuijaribu?"

"Karatasi inasema la kwanza."

Wote wawili wakaigeukia skrini. Vitone vilikuwa vinazunguka. Inasakinisha sasisho. Usizime kompyuta. Inspekta alitazama saa yake: saa kumi na moja na dakika kumi na moja. Akaiandika chini ya zile sita.

Mzee alikuwa amesoma pia. Alisoma mara mbili, midomo ikienda, na Inspekta akaona uso wake ukibadilika kadiri alivyoelewa.

"Ndiyo hii iliyomfunga yule kijana?"

"Ndiyo hii."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Basi nichukue mimi. Yule ana mke."

"Shusha mikono, baba," Inspekta alisema. "Kufuata maandishi si kosa. Kaa hapa na mimi."

Akampigia simu koplo amlete fundi, bila pingu, na akampigia Katibu aje na paswedi. Katibu alikuja na paswedi iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya stepla yake, siri ambayo makarani wote waliijua. Fundi aliingia nyuma yake, shati limekunjamana, macho yanauliza. Inspekta hakutoa hotuba. Aliufunga tu mlango, akamwonyesha karatasi ya nyuma yake.

Fundi aliisoma. Akatazama kompyuta. Akairudia ile karatasi, mstari wa pili.

"La juu kabisa," alisema kwa sauti ndogo. "Mama yangu! Mimi niliandika la juu kabisa."

"Mwanangu, nisamehe," Mzee wa Funguo alisema.

"Nikusamehe nini, baba? Umefanya nilivyokuandikia. Kila siku, bila kukosa!" Akamshika mzee mabega. "Kila asubuhi mimi naikuta hapa, natafuta mdudu kwenye mfumo. Kumbe mdudu nimemgandisha kwa utepe."

Wakaliondoa sasisho kwa mara ya saba. Safari hii duara lilizunguka na hakuna aliyelilaani. Koplo alishika mikono nyuma kwa hiari yake. Wakati vitone vikizunguka, Katibu aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akaandika kwa mkono wake kwamba anaondoa malalamiko yake, akatia sahihi, akaongeza sentensi moja bila kuambiwa: barua ya fundi ilikuwa mezani kwangu. Inspekta aliisoma mpaka mwisho, akaandika chini yake, hakuna jinai, na akalifunga jalada. Fundi akaandika paswedi, akalizuia sasisho lisirudi. Kompyuta ikafunguka. Picha ya mkono wa dereva ilikuwepo, nyeupe kama asubuhi.

Katibu alijikohoza. Akampa fundi mkono, fundi akaupokea.

"Niende?" fundi alimuuliza Inspekta, kama asiyeamini.

"Unangoja nini tena? Nenda."

Fundi alitoka hadi koridoni, akaegemea ukuta karibu na benchi tupu la wagonjwa, akaomba simu ya koplo. Inspekta alimsikia kupitia mlangoni.

"Ni mimi... Niko nje... Nje, mke wangu, nje kabisa! Wameniachia... Ndiyo, amepatikana." Fundi alimtazama Mzee wa Funguo aliyekuwa anaokota funguo zake sakafuni, akamtazama Katibu, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye benchi, na machozi yakamtoka.

"Ni nani?" sauti ya mkewe ilisikika mpaka chumbani. "Si nakuuliza, aliyefanya ni nani?"

"Ni mimi," fundi alisema. "Lakini wameniachia."

"Utanieleza ukifika," mkewe alisema. "Njoo ule."